Chungu cha Mwenzangu

Jumatatu, 9 Machi

Nafasi ni moja. Profesa ametamka leo akimenya ndizi, kana kwamba anataja hali ya hewa. Mtafiti mmoja ataajiriwa kituoni, mwingine atashukuriwa. Wawili hao ni mimi na Tabasamu, anayechekea watu hata getini.

Swali letu ni moja: mimea inayostahimili chumvi hupataje nitrati, chakula chake, kwenye udongo wa chumvi? Chumvi na nitrati hugombania mlango uleule wa mzizi. Mimea ya kawaida hushindwa, ikawa njano. Yetu inakula. Mimi nasema mzizi hubagua mlangoni. Tabasamu anasema haubagui. Hupokea kila unachopata na kulimbikiza nitrati majanini. Haubagui! Hata mzizi anausifia tabia.

Jumatatu ijayo tutakamua majani na kupima. Mama ameshawatangazia majirani kwamba nimeajiriwa.

Jumanne, 10 Machi

Nimekagua vyungu vyake. Majani manene, yananitazama. Yangu yamekunjamana kama shangazi aliyenyimwa kiti.

Nimepata wazo. Kila kiumbe kina kikomo. Hata mmea wa chumvi ukizidishiwa chumvi husalimu amri. Wala sihitaji kugusa kitu. Anayemwagilia ni Dada wa Bustani, mtu wa kuongea na mimea na kutosikiliza watu. Nitampa agizo, kama vile limetoka kwa mwenye vyungu.

Si uovu. Ni kuisukuma sayansi kidogo.

Jumatano, 11 Machi

Nimemnasa Dada bombani. Nikamnong'oneza kwamba Tabasamu anaomba vyungu vyake viongezewe. Akauliza, kwa sauti ya mnadani, viongezewe nini, mdogo wangu? Chumvi, nikasema. Hakusikia, maji yanapiga kelele. Chumvi! Chumvi! Ahaa, akasema, si ungesema tangu mwanzo, nawe unameza maneno kama dawa. Akaongeza kwamba Tabasamu ana bahati ya kuwa na rafiki anayemjali.

Leo nitalala kama mtoto aliyeshiba.

Jumamosi, 14 Machi

Nimechungulia. Vyungu vyake vimekuwa kijani cha kuumiza macho. Nimejifariji: mgonjwa huchangamka kabla ya kukata roho. Pengine mimea pia.

Jumatatu, 16 Machi

Haikukata roho. Kipimo chake cha nitrati kilipanda mpaka Profesa akavua miwani, akaifuta, akapima upya. Changu kilitia huruma. Profesa akatangaza kwamba Tabasamu ameona mbali, na nafasi ni yake. Mimi akaniambia nina mwandiko mzuri.

Nikamfuata Dada stoo. Uliweka nini? Akashangaa: si ulichoniagiza? Akapiga gunia kwa kiganja. Mbolea ya kiwandani. Chumvichumvi! Ndivyo kila mkulima anavyoiita, nami nikalipayuka jina lenyewe kwa mdomo wangu pale bombani, nusu yake mara mbili. Nitrati, gunia zima! Dada akanipongeza: una mkono mwepesi, mdogo wangu, ona mwenzako alivyong'ara.

Siwezi kumshtaki mtu. Nikifungua mdomo, wataniuliza nani aliagiza. Tabasamu akanikumbatia mbele ya wote, akasema bila mimi asingefika. Hajui alivyosema kweli.

Mama amepiga simu mara kadhaa. Sijapokea.

Jumanne, 17 Machi

Profesa anataka jaribio lirudiwe mbele ya wageni, Tabasamu akiongoza. Mimi nimebakizwa kwa muda, kama msaidizi wake. Kumbebea ndoo!

Lakini nimefikiri. Bila mbolea, kipimo chake kitaporomoka mchana kweupe. Ataumbuka, na Profesa hana mwingine wa kumrudia ila mimi. Kazi yangu ni kukaa kimya tu, mikono nimeikunja.

Kuikunja! Aanguke peke yake, nami nimesimama pembeni kama ufagio? Nimesoma miaka yote hiyo ili nishinde kwa kutofanya kitu? Hapana. Akianguka, lazima nijue ni mimi niliyemwangusha.

Nimetoka dukani sasa hivi. Chumvi ya mawe, mifuko miwili. Safari hii simtumi mtu, naitia mwenyewe. Tabasamu amenikabidhi ufunguo wa kitalu, kwa kuniamini. Upo huo mmoja tu, na kituo kizima kinajua ninao mimi.

Nani atanishuku?