Makarani wa Anga Kwenye Rafu ya Pili

Jumatatu, 5 Januari

Iandikwe na ihifadhiwe kwa vizazi: leo, saa nne na dakika kumi asubuhi, bila ngoma wala mgeni rasmi, nimehamisha sanduku la mchezo kutoka rafu ya tatu hadi rafu ya pili. Usawa wa macho. Wataalamu wa biashara (nimewasoma wawili, mmoja nusu) wanakubaliana kwamba kionekanacho ndicho kinunuliwacho.

Kwa atakayesoma haya nikishakuwa mashuhuri, nieleze. Mchezo ni wa mezani. Watu watano wanakaa, mmoja anakuwa Msimulizi, wengine wanajifanya watu waliomo ndani ya chombo cha anga. Msimulizi anaeleza hatari inayokuja, dadu zinaamua nani anapona. Umetokana na ile Tamthilia ya anga ambayo kila Ijumaa jioni inaacha barabara tupu. Na una leseni. Barua ya wenye Tamthilia, yenye muhuri, nimeitia fremu ukutani. Kitabu cha kanuni, kurasa mia nne na kumi na mbili, nimekitafsiri mwenyewe. Sikusomea. Nina kipaji.

Masanduku yalikuja sitini. Miezi minne imepita, yamebaki hamsini na saba. La kwanza nililinunua mimi, kupima soko. La pili alilinunua shemeji, mume wa dada, baada ya mimi kumsimamia mlangoni. La tatu alilichukua mama mmoja aliyetaka sanduku tu, la kuwekea nyuzi. Yaliyomo aliniachia. Mauzo ni mauzo.

Dada mkubwa ndiye mwenye duka: vitabu, kalamu, vifaa vya shule. Leo amenipa neno lake la mwisho. Shule zinafunguliwa Jumatatu ijayo. Nikiuza masanduku kumi kufikia Jumamosi jioni, rafu ni yangu mwaka mzima. Nisipouza, inakwenda kwa madaftari. Nikamuuliza kama ameisoma barua ya leseni. Akasema anaipangusa vumbi kila asubuhi, na hajaiona ikinunua kitu.

Kumi tu. Nimemwonya asije akalalamika nikiishiwa.

Jumanne, 6 Januari

Siku ya utafiti. Nimejibanza nyuma ya ramani za dunia nione wateja wanafanya nini na sanduku. Wanne wamelishika. Watatu wameuliza kama ndani kuna filamu. Nilipotokea ghafla kuwaeleza, mmoja aliangusha mwavuli.

Wa nne alikuwa mwalimu wa hisabati, mpenzi wa Tamthilia kufa na kupona. Aliligeuza sanduku akauliza huyu aliyetupa kisogo ni nani. Nikamwambia ni Nahodha. Uso wake una mwenyewe. Leseni imetupa kisogo. Akasema basi yeye atacheza kama Nahodha. Nikamtolea nakala ya barua, aya ya saba: Nahodha hachezwi na mtu, wala rubani, wala yule daktari mwenye jicho moja, wala yeyote kati ya wale kumi na mmoja wanaojulikana.

Akauliza, sasa yeye atakuwa nani. Nikamjibu kwa fahari: karani wa stoo, sitaha ya sita.

Akafikiri. Akauliza kama huyo karani anaweza walau kumuua adui mkuu. Aya ya tisa: adui mkuu anakufa kwenye sehemu ya nne ya Tamthilia, kwa hiyo kabla ya hapo hafi. Mwalimu akavua miwani. "Kwa hiyo kaka, nakaa stoo, sishindi, na sifi?"

Nikamhakikishia kufa anaweza. Hapo leseni haijaweka kizuizi chochote.

Akanunua rula.

Nimeona tatizo. Watu hawajui kwamba tuna leseni.

Jumatano, 7 Januari

Nimekwenda kwa Wino. Huyu ana mashine ya fotokopi kwenye baraza letu, na ni hasimu wangu, ingawa yeye hajui. Nimemtaka aikuze barua ya leseni ifike ukubwa wa shuka. Akaisoma yote huku mashine ikinguruma, akacheka peke yake kwenye aya ya saba. Sikumuuliza. Mtu mwenye lesenii haulizi. (Nimekosea tahajia kwa hasira.)

Saa tano nikaitundika juu ya mlango, na chini yake kwa rangi nyekundu: DUKA HILI LINA LESENI HALALI.

Matokeo yalikuwa ya haraka. Muuza mayai wa ng'ambo ya barabara alisoma, akafunga tenga, akatoweka. Fundi viatu akafunga kibanda. Mwenye duka la betri akaja mbio kumuuliza dada, kwa sauti ya chini, wakaguzi wamefika wapi. Ndani ya robo saa mtaa mzima ulikuwa umefungwa isipokuwa sisi. Wateja nao walipoona mtaa umefungwa wakadhani kuna jambo, wakarudi makwao.

Dada ameishusha kwa mkono wake. Muuza mayai amesema hatatuuzia tena mayai. Wivu tu.

Mauzo: bado. Lakini barua ya leseni sasa imesomwa na mtaa mzima.

Alhamisi, 8 Januari

Ushindi, au jamaa yake wa karibu.

Nimeweka meza katikati ya duka na kuita watu waonjeshwe mchezo. Kujua utamu wa ngoma uingie ucheze. Wamekuja wanne: kinyozi, mwalimu wa hisabati (amerudi, anasema ni udadisi tu), fundi saa, na shemeji, ambaye dada alimtuma aje ili nyumbani apungue mtu. Msimulizi ni mimi.

Nimeanza na kanuni. Mchezo usiojulikana kanuni ni fujo. Nilipofika ukurasa wa thelathini na nane, fomu ya kuomba hewa ya akiba, kinyozi akauliza kwa adabu, bosi, tunaruka lini. Nikamwambia chombo kinaruka sura ya tisa. Fundi saa alikuwa amelala na lenzi yake jichoni.

Hapo shemeji akanyakua dadu. Akasema yeye ni karani wa stoo, amesikia mlio, na hafungui mlango mpaka aone sahihi. Ilinibidi nisimulie. Maharamia wakafika sitaha ya sita, shemeji akawadai fomu. Maharamia hawakuwa na fomu. Akawarudisha foleni. Akarusha dadu, sita mbili! Mwalimu akawapigia hesabu ya hewa iliyobaki kwenye foleni, fundi saa akaamka akafunga vali ya hewa, kinyozi akafa kishujaa kwa ajili ya katoni za sabuni, akaomba afe tena. Watu walisimama mlangoni kutazama. Mmoja wao, bwana mpole mwenye miwani ya kamba shingoni, alisimama saa nzima. Shemeji, ambaye miaka kumi na mitano sijamsikia akimaliza sentensi mbele ya dada, alisimama juu ya kiti na kunguruma kwamba stoo ni yake.

Dada alimtazama kwa namna ambayo sijapata kuiona. Kisha akarudi kwenye kalamu zake.

Ilipokwisha nikatandaza masanduku manne na kitabu cha risiti. Wakanishukuru. Nikawauliza nimfungie nani la kwanza. Kinyozi akashangaa: la nini tena, bosi, na hili lako lipo? Wakapatana kurudi wiki ijayo. Halafu wote wanne wakaenda kwa Wino kutoa nakala za fomu za wahusika, na fomu za kuomba hewa, na kinyozi akatoa nakala tano za cheti cha kifo. Wino ameishiwa karatasi kwa mara ya kwanza mwaka huu. Amenipungia mkono.

Ijumaa, 9 Januari

Nimeamka na ukweli wote kichwani.

Mchezo una kasoro moja: unatosha. Sanduku moja linashibisha watu watano. Ukimuuzia mmoja, umewapoteza wanne. Ni kama kuuza sufuria mahali ambapo mtaa wote unakula kwa jirani. Si Nahodha, si kisogo, si kurasa mia nne. Ni ukarimu wa sanduku.

Dawa: lisitoshe.

Dada alipotoka kwenda kuchukua madaftari, nikafungua masanduku yote hamsini na saba. Kila moja lina dadu saba. Nikazitoa. Zimejaza bati la biskuti na kofia yangu. Anayenunua sanduku atakosa dadu, atarudi kununua Kifurushi cha Dadu, na wenzake mezani watataka kila mtu chake. Nikatoa na ramani kwenye nusu ya masanduku, kwa ajili ya mwakani. Nikayafunga upya kwa gundi. Anayetazama kwa nje hajui.

Dada nitamweleza baada ya ushindi. Jioni Tamthilia ilikuwa hewani, barabara tupu. Nilikuwa napanga dadu kwa rangi.

Jumamosi, 10 Januari

Hadi saa nane mchana, hakuna mtu. Dada alikuwa amekwisha kupanga maboksi ya madaftari chini ya rafu yangu, kama watu wanaosubiri mgonjwa akate roho.

Saa tisa akaingia yule bwana mpole mwenye miwani ya kamba. Kumbe ni mkutubi wa maktaba ya umma. Akasema tangu Alhamisi hajalala vizuri. Vijana na wazee wanakuja maktaba kukwepa jua, wanasinzia. Anataka wawe na meza za mchezo huu, meza kumi. Akatoa barua ya idhini. Masanduku kumi.

Dada aliangusha kalamu. Akaniita mdogo wangu, kwa upole, mbele ya watu. Shemeji akanishika bega. Nimeishi kwa ajili ya dakika ile na sitasahau mwanga wake.

Kisha mkutubi akaketi, akavaa miwani. Kwao, akasema, kitu hakiingii maktaba bila kuhesabiwa. Na leseni pale ukutani, aya ya kumi na nne, inaagiza kwamba yaliyomo yaorodheshwe juu ya jalada kwa herufi kubwa. Akaweka kidole kwenye orodha, akafungua la kwanza. Kitabu kimoja, kipo. Ramani mbili, zipo. Dadu saba.

Akainua kitabu. Akainua ramani. Akalipindua sanduku akaligonga kitako.

Akafungua la pili. La tatu halikuwa na ramani pia. Alifungua yote kumi, bila haraka, maana ndivyo alivyofundishwa kazi. Nikamweleza kwamba dadu zinapatikana kando. Akauliza wapi. Nikainua bati. Akatazama bati, akatazama jalada, akanitazama mimi. "Ndugu yangu," akasema, "si ndizo hizi?"

Akasema hawezi kutia sahihi saba pasipo na saba. Akaaga kila mtu kwa heshima, mimi mara mbili.

Dada akigomba, kuna nafuu. Badala yake alianza kupanga madaftari. Shemeji akamsaidia, amerudi kuwa shemeji yule wa zamani. Ilipofika magharibi rafu ya pili ilikuwa ya samawati kutoka mwanzo hadi mwisho.

Jumapili, 11 Januari

Kinyozi amekuja nyumbani na ujumbe. Mkutubi alikwenda kunyolewa, akamwambia hivi: nikirudisha dadu na ramani ndani ya masanduku kumi, yeye atakuwa dukani kesho saa tatu asubuhi na barua yake ileile. Dada, aliyekuwa amekuja kudai funguo za duka, alisikia. Akasema neno lake ni neno lake. Yakinunuliwa kumi, madaftari atayashusha mwenyewe, maana angependa kumwona mume wake juu ya kiti tena. Akaniachia funguo.

Dadu sabini kwenye masanduku kumi. Kazi ya nusu saa.

Nimekaa nikatafakari kwa kina. Mtu aliyekwenda akarudi, anaweza kurudi tena. Na mtu asiyelala kwa ajili ya dadu, huyo si wa kupewa dadu bure ndani ya sanduku. Mpango haukushindwa: ulifanya kazi kwa mteja wa kwanza kabisa! Kilichokosekana ni maelezo. Kwa hiyo nimemwandikia mkutubi barua rasmi, kurasa tatu, nikimpongeza kuwa wa kwanza kupewa nafasi ya Kifurushi cha Dadu, Kifurushi cha Ramani, na kwa kuwa ni mteja wetu mkubwa, Kifurushi cha Jalada Lisilo na Orodha. Nimenukuu leseni mara sita. Wino ametoa nakala na kukataa malipo. Ameomba abaki na moja. Hata hasimu hatimaye huheshimu kazi nzuri.

Kinyozi ameipeleka. Nimemwambia asisubiri jibu, isije ikaonekana tuna shida.

Masanduku yote hamsini na saba yako chini ya kitanda changu tangu rafu ilipochukuliwa. Kitanda hakiyumbi tena.