Fundi Anasema Nikaze Mkanda

Jumanne, 9 Juni
Taa za mbele za gari langu zimefifia. Nikikanyaga mafuta zinawaka, nikiachia zinasinzia. Kwenye dashibodi kijitaa chekundu chenye picha ya betri hakizimiki. Kinanitazama tu. Dharau!

Na Jumamosi ni harusi ya Raya, binti wa dada yangu Swabaha. Tangu yuko darasa la pili nilimwahidi: siku yako nitakuendesha mimi mjomba wako, mpaka mlangoni kwa mume. Mume ni wa Nyarubungo. Dada kasema msafara utatoka hapa Biharamulo jioni, hivyo bibi harusi atapanda gari lenye taa za kuaminika. Shaban, baba mdogo wa Raya, akakohoa. Ana gari jipya. Nakijua kikohozi kile.

Jumatano, 10 Juni
Nimebandika plasta juu ya kijitaa chekundu. Nusu ya shida imekwisha.

Nusu nyingine nilimtuma mke wangu Pili kwa fundi Hakizimana. Kamweleza yote: taa, kijitaa, na ule mlio wa filimbi chini ya boneti. Karudi na jibu moja. "Fundi anasema ukaze mkanda."

Nikaze mkanda! Mimi, mwenye duka la vitenge! Yaani nibane matumizi, nishindie makopa ya muhogo? Kumbe mtaani wananisema nimefilisika. Hii ni kazi ya Shaban.

Nimenunua balbu mpya, kubwa kuliko zote dukani. Waone.

Alhamisi, 11 Juni
Balbu kubwa, mwanga mdogo. Nimefunga taa nyingine mbili kwenye bampa. Zilikuwa zinafifia mbili, sasa zinafifia nne.

Pili kauliza, kwa upole, kama labda fundi alikuwa na maana nyingine. Nikamwambia Kiswahili mimi nimezaliwa nacho. Babu yangu alikuja nacho kutoka Pangani. Sihitaji kufundishwa na fundi Mhangaza wa Ngara. Akaenda kuosha sufuria. Anaosha kwa kelele sana mwanamke huyu.

Ijumaa, 12 Juni
Betri nimeipeleka kuchajiwa. Sasa taa zinachoma macho! Nikapita mbele ya baraza la Shaban mchana kweupe, zote zikiwaka. Nikarudi. Nikapita tena. Akajifanya anasoma simu.

Jumapili, 14 Juni
Jana! Mimi mbele ya msafara, Raya kiti cha nyuma na shela lake, Shaban nyuma yetu anakula vumbi. Nilifurahi hadi nikapiga honi bila sababu. Jua likazama, nikawasha taa. Zote nne zikafumba macho polepole. Halafu gari likazima.

Shaban akashuka, akafungua mlango wa gari lake kwa madaha, akamwita Raya ahamie. Iliniuma, sifichi. Hakizimana naye alikuwa msafarani. Akafungua boneti, akagusa mkanda wa mpira unaozungusha oltaneta. Unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo.

"Mzee Suleman, nilisema ukaze mkanda. Umeregea. Oltaneta haizunguki vizuri, betri haipati chaji. Umekuwa unaimaliza tu."

Akaukaza kwa spana. Lakini betri ilikuwa imekufa, gari ni la kusukuma. Shaban akamwita Raya mara ya pili. Ndipo sauti ikatoka kiti cha nyuma.

"Mimi sishuki. Mjomba aliniahidi. Sukumeni."

Wakasukuma. Hata Shaban, na kanzu yake mpya. Gari likawaka, taa zikafumbuka, na Raya nilimfikisha mimi mpaka mlangoni. Nililia kidogo. Wenye macho wanajua ni vumbi.

Jumatatu, 15 Juni
Mtaa mzima unasema ulikuwa mkanda. Si kweli. Zile balbu zilikuwa bado hazijazoea gari.

Hata hivyo mimi ni muungwana. Leo nimekwenda kwa Hakizimana kumshukuru. Akachungulia chini ya rejeta inayopoza injini, akaona inavuja maji. Akaniambia mbele ya watu niangalie maji, la sivyo nitachemsha.

Nitachemsha! Yaani nitashindwa, niaibike! Maneno hayo naambiwa mimi, niliyemfikisha bibi harusi Nyarubungo? Huyu amenunuliwa na Shaban.

Kesho naondoka na mzigo wa vitenge kwenda Kaniha. Maji siongezi hata tone. Tutaona nani atachemsha.