Ulimi wa Kondoo Ambao Mwanangu Hakupewa

Karaganda,
Jumatatu.

Kwa Mheshimiwa Mjomba Tolepbergen,
Karkarali.

Shikamoo Mjomba,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MGAWANYO WA KICHWA CHA KONDOO

Natanguliza salamu, pamoja na matumaini kwamba meno yako mapya sasa yanakaa mahali pake. Ni kwa ajili ya meno hayo ulikuja mjini kabla theluji haijaanza, ni kwa heshima yako tulichinja kondoo, na ni kwa sababu ya kondoo huyo ninalazimika kukuandikia. Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu huwa unaniambia, "Fupisha, Sagindik, farasi wananingoja," na jambo hili halifupishiki.

Kama ujuavyo, mimi hufundisha mantiki chuo kikuu. Kwa hiyo nitakwenda hatua kwa hatua, na ninakuomba usiruke hata moja, hata pale utakapodhani umeshaelewa.

1. Kichwa cha kondoo kiliwekwa mbele yako, kama anavyostahili aliye mkubwa kuliko wote chumbani. Ulichukua kisu, ukakata sikio, ukampa mwanangu Sanjar, ambaye alikuwa ameshapita miaka miwili na hajatamka neno. Ukasema mbele ya mashahidi: "Shika, mjukuu wangu, uwe msikivu." Sina ugomvi na sikio. Watoto hupewa sikio ili wawasikilize wakubwa. Hata mimi nilipewa utotoni, na kama halikunisaidia, hilo si kosa la kondoo. Ugomvi wangu ni ulimi. Ulimi hupewa mtoto anayetakiwa awe msemaji. Niliona kwa macho yangu sahani yenye ulimi ikipita mikononi mwa shemeji yangu Bauirjan. Nilipoitazama tena, ulimi haukuwapo.

2. Bauirjan ni mshereheshaji wa harusi. Mtu huyu analipwa kwa kusema. Kumwongezea ulimi ni sawa na kutuletea makaa ya mawe sisi watu wa Karaganda tunaoyachimba, tena kwa zawadi. Matokeo yameonekana. Tangu karamu ile harusi zake zimerefuka kiasi kwamba majuzi bwana harusi alisinzia akiwa anasifiwa, na bibi harusi akaachwa apige makofi peke yake.

3. Huenda utanijibu kwamba mimi siamini mambo haya. Ni kweli siamini. Nilieleza siku ile ile, pale pale mezani, kwa kirefu, kwa nini hakuna uhusiano unaoweza kuthibitishwa kati ya kiungo cha mnyama na tabia ya mlaji. Lakini kutoamini kwangu hakukupi wewe ruhusa ya kukosea. Mtu asiyependa mpira bado ana haki ya kudai mwamuzi afuate sheria.

Zaidi ya hayo, ushahidi upo, na unatoka upande wako. Sikio limefanya kazi. Ukinong'ona jikoni kwamba maandazi yameiva, Sanjar ameshafika. Mama yangu akiuliza ndara zake ziko wapi, huyo anazo mkononi. Anakielewa Kikazakhi chetu na Kirusi cha jirani. Basi: sikio alilila, akawa msikivu, ulimi hakuula, hasemi. Nimeikagua hoja hii kila upande na sioni ufa. Mwanafunzi wangu mmoja angeuona, lakini huyo nilimpa alama za chini kwa sababu nyingine.

4. Maelezo mengine yote niliyopewa nimeyapima na kuyaweka kando. Jirani yetu, Bibi Lyudmila, anasema tunamchanganya mtoto: "Nyie Kikazakhi, mimi Kirusi, katuni Kiingereza. Mwenzenu anangoja mkubaliane." Dada yako, yaani mama yangu mzazi, anasema ni damu. Juzi aliwaambia wageni, nami nipo: "Baba yake naye alichelewa hivi hivi. Miaka mitatu kimya. Tulilia, tukaomba, tukachinja. Siku aliyoanza kusema tulifurahi mno. Hatukujua linalokuja." Sioni uzito wa kisayansi katika kauli hiyo, ingawa wageni walicheka mpaka chai ikamwagika.

(Uniwie radhi kwa doa hapo juu. Si chai, ni jibini kavu. Sanjar alikuja akasimama mezani akilitazama bakuli, nami nikampa donge moja kabla hajapata shida. Ni mtoto mpole, hasumbui kabisa.)

5. Sasa nafika kwenye madhara. Nyuma ya ghorofa letu pana uwanja wa watoto. Wiki iliyopita binti mmoja mwenye kofia nyekundu alimjia Sanjar akamwuliza, "Wewe unaitwa nani?" Sanjar akanitazama. Nikamjibu yule binti kwamba anaitwa Sanjar. Nikataja umri wake. Na kwa kuwa jina hilo lina asili inayostahili kufahamika, nikaieleza. Nilipomaliza, binti alikuwa ameshapanda bembea na mtoto mwingine. Sanjar alibaki na koleo lake la theluji mkononi. Alikuwa bado ananitazama, Mjomba, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu aliyefika mlangoni akakuta mwingine ameshaingia. Jambo hilo ndilo linaloniandikisha barua hii. Mengine yote ni viambatanisho.

6. Mtoto wa kwetu akikaribia umri wa shule anatakiwa awataje mababu saba kwa mpangilio, akianza na baba yake. Sanjar hajamtaja hata mmoja. Simlaumu kwa wale sita, kwa kuwa ni marehemu wote na hawajawahi kumletea chochote. Lakini wa kwanza ni mimi. Naishi naye nyumba moja. Kila asubuhi ninapomvalisha namkumbusha: mimi ni baba, sema baba, hivi ndivyo midomo inavyokutana, tazama. Anatazama kwa makini sana. Halafu ananipa soksi.

7. Mke wangu Akbota amepanga miadi katika kliniki ya watoto, siku ya Alhamisi: wampime masikio kwanza, kisha amwone mtaalamu wa usemi. Bila hivyo chekechea wamesema wazi hawatampokea. Miadi hiyo nimeiahirisha mara mbili, kwa hoja kwamba suala bado liko mezani kwako. Mara ya kwanza Akbota alikubali. Mara ya pili alinyamaza, na ukimya wake siupendi. Leo asubuhi amesema: "Alhamisi tunakwenda. Mjomba akijibu ajibu, asipojibu asijibu. Mwanao anakaribia miaka mitatu, Sagindik, hatumngoji kondoo." Nikamwambia kwamba kitaalamu sisi hatumngoji kondoo, tunangoja uamuzi kuhusu kondoo. Akafunga mlango wa jikoni.

Kwa hiyo unaiona hali yangu ilivyo. Nisipopata majibu yako kabla ya Alhamisi, nitalazimika kumpeleka mtoto kwa mtu anayejua.

Nakumbusha, kwa adabu zote, kwamba kwa desturi yetu mpwa akiomba kitu kwa wajomba zake hanyimwi. Katika miaka yote ya maisha yangu sijaitumia haki hiyo, ukiacha yule mwanafarasi, na lile tandiko, na ile redio. Sasa naitumia rasmi, na ninaomba yafuatayo:

(a) Achinjwe kondoo mwingine, nawe umpe Sanjar ulimi wote, bila kupunguzwa, mbele ya mashahidi wale wale.

(b) Bauirjan akalishwe meza nyingine. Ikiwezekana, mji mwingine.

(c) Kwa kuwa ulimi wa kondoo mmoja huenda usitoshe kufidia miezi iliyopotea, ufikirie ng'ombe.

(d) Kabla ya kukata, usome tamko la kukiri kwamba mgawanyo wa kwanza ulikiuka desturi. Usihangaike kuliandika. Nimeshaliandika. Lina kurasa chache tu.

Usipoyatekeleza haya, nitalifikisha suala mbele ya ukoo mzima, na kama ukoo utashindwa, sitaona haya kulifikisha kwa wale mababu sita wenyewe, kila mmoja kwa barua yake.

Msalimie sana mke wako, Mama Kulyash, na umwambie siagi aliyotuletea bado inasifiwa. Wasalimie wanao na wake zao, majirani wa upande wa kisima, na yule farasi mweupe aliyekubali Sanjar ampande bila kuulizwa jina. Bauirjan akipita huko msalimie pia, lakini usimwambie kuhusu barua hii. Ataisoma harusini.

Nabaki mpwa wako mtiifu, mwenye kinyongo cha kisheria tu,

Sagindik

Nyongeza. Leo ni Ijumaa na barua bado ninayo. Tufani ya theluji ilifunga barabara ya kwenu tangu Jumanne, basi la Karkarali halikuondoka, na Alhamisi ikafika kabla ya posta. Tukaenda.

Masikio ni mazima, Mjomba. Mashine yao imeafiki kisu chako.

Kisha tukaingia kwa mtaalamu wa usemi, binti mdogo tu, Bi Raihan, mwenye sauti ya chini na subira ambayo sijaiona kwa walimu wenzangu. Alimweka Sanjar kwenye zulia, akapanga mbele yake vitu vitatu, akainua kimoja akauliza, "Sanjar, hiki nini?" Nikasema ni kijiko. Akainua cha pili. Nikasema ni tofaa, na nikataja aina yake. Akageuka akaniambia kwa heshima kabisa: "Baba Sanjar, hongera, umefaulu vizuri. Sasa tumpe na mtoto nafasi." Nikamwambia ana haki. Akainua farasi wa mbao, akauliza, akanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mkubwa mno, Mjomba, sikuwahi kukaa ndani ya ukimya wa namna ile, na nilihisi kwamba mtu mwungwana angemsaidia. Nikasema ni farasi.

Nilipewa kiti kizuri sana kwenye ukumbi wa nje.

Mlango wao ni mwembamba. Kwa muda mrefu sikusikia kitu. Nilijizuia kubisha. Halafu ikasikika sauti ambayo sikuijua ni ya nani, ndogo na nzito kidogo kuliko nilivyokuwa nikiitarajia miaka yote hii, ikisema farasi. Kwa usahihi zaidi, ilisema nusu ya mbele ya farasi. Nilisimama, nikakaa, nikasimama.

Bi Raihan hakutuficha. Kuchelewa kupo, na si jambo la kungoja lipite lenyewe. Tutakwenda kila wiki, mpaka kiangazi na pengine zaidi, na miadi mingine hatutaiahirisha. Nilimwuliza kama sababu ni mimi. Akasema hapana, watoto huchelewa kwa sababu nyingi, na nyingine hazijulikani. "Hukuusababisha wewe huu ukimya, Baba Sanjar," alisema, "ila unaujaza." Akatupa kazi ya nyumbani, ambayo ni kushika kitu mtoto anachokitaka, kumtazama, na kungoja. Nikamwuliza maelezo ya kina yako wapi. Akasema ndiyo hayo.

Tukiwa ndani ya basi nilimpa Akbota barua hii aisome, ili aone kwamba nilikuwa nimelishughulikia jambo. Aliisoma yote, hata mabano. Kisha akasema: "Sagindik. Ulimi Mjomba alimkatia Sanjar. Bauirjan aliipitisha sahani tu, akaiweka mbele ya mtoto. Wewe ndiye uliyeula."

Nikasema haiwezekani.

"Ulikuwa umekaa katikati yake na sahani," akasema. "Ulikuwa unaeleza kwamba desturi haina msingi, huku unachovya kwenye mchuzi. Mtoto alinyoosha mkono, ukamshika ule mkono, ukaendelea kueleza."

Tulipofika nyumbani nilimwendea Mama nikiwa na tumaini la mwisho. Hata hakuacha kusokota sufu. "Wote tuliona, mwanangu. Tulidhani una njaa."

Kwa hiyo nafuta lalamiko la kwanza hadi la saba, na maombi (a) hadi (d). Usichinje ng'ombe. Kwa Bauirjan nitakwenda mwenyewe kumwomba radhi, na nitamwacha aseme kwanza, hata ikichukua usiku kucha.

Ila haki ya mpwa naomba ibaki, kwa jambo moja dogo. Akbota anasema kwamba kwenye basi, wakati najitetea kuhusu ule ulimi, Sanjar alinivuta mkono wa koti akasema neno la pili. Mimi sikulisikia. Nimemwuliza lilikuwa neno gani, kwa kila njia niijuayo, na hataki kuniambia. Anasema likija tena linikute nimenyamaza.

Tangu jana jioni nimekaa sakafuni, bakuli la jibini nimelipakata, na sisemi kitu. Mama ameshanipima homa. Sanjar anakuja, ananitazama mdomoni, anakwenda, anarudi.

Safari ijayo utakapokuja, Mjomba, kichwa kikiwekwa mbele yako, nikatie mimi sikio. La upande wowote.