Wapelelezi Wawili na Kijiko cha Tatu

Jumatatu, 3 Machi 2025. Njombe.
Nimepimwa kliniki. Sukari kumi na moja. Nesi alinieleza taratibu, kama mtoto wa darasa la pili. Kwamba ulimi ukionja sukari hupeleka habari kwenye ubongo. Kwamba utumbo nao una waonjaji wake, nao hupeleka habari ya pili, na hiyo ndiyo humfanya mtu atake tena hata akiwa ameshiba. Nimeelewa kabisa. Wapelelezi wawili. Mmoja nitamlisha, mwingine nitamficha.

Binti yangu Pendo kapiga simu kutoka Makambako. Ijumaa napimwa tena. Isiposhuka, anakuja na gari, nyumba inafungwa, nahamia kwake. Haiwezekani! Kikombe cha mama yake kiko hapa msumarini tangu Novemba alipotuacha. Mke wangu Feliciana aliniwekea vijiko vitatu vya sukari kwenye chai kwa miaka thelathini na minne. Viwili mbele yangu. Cha tatu nikigeuka kufunga mlango, kwa sababu ya baridi. Nilijua. Sikusema.

Pendo katuma mlinzi: shemeji Priska, mdogo wa marehemu, kutoka Uwemba. Sukari kaifungia sandukuni. Ufunguo shingoni, pamoja na rozari.

Jumanne, 4 Machi.
Nimenunua vidonge vya utamu sokoni. Havina sukari. Vinne kwenye chai. Ulimi, furaha tupu! Utumbo, kimya. Robo saa baadaye ubongo ukauliza mzigo uko wapi. Nikaupelekea maandazi matano. Priska kahesabu yaliyobaki. Akasema shemeji, hata panya wa Uwemba huacha moja.

Jumatano, 5 Machi. Majivu.
Mpango bora zaidi. Sukari iingie mdomoni, isifike tumboni. Jirani Yusto kanipa kikombe cha chai yake, tamu ya kukwaruza koo. Nikaenda nayo nyuma ya nyumba, penye mianzi. Nasukutua, natema. Nasukutua, natema. Kazi safi. Ghafla Priska! Akaona mgane mwenye majivu usoni anawatemea mizimu kinywaji. Akapiga kelele kwamba natambika, tena siku ya leo. Nikasema sitambiki, naudanganya utumbo. Akasema hilo ni baya zaidi. Kwa mshtuko nikameza funda la mwisho.

Alhamisi, 6 Machi.
Jumuiya nzima imekuja kuniombea. Watu kumi na wanne. Wageni hawapewi chai chungu, kwa hiyo Priska kafungua sanduku mwenyewe. Kikombe changu kakipitisha mbali na bakuli la sukari.

Yusto akaniita pembeni. Akasema pole kaka, onja mtogwa huu, ulanzi wa asubuhi, haujaanza hata kuchachuka. Nikafikiri kwa makini. Ulanzi hugemwa kwenye mwanzi. Mwanzi ni jamii ya nyasi. Sijawahi kuona mwanzi kwenye shamba la miwa. Nikanywa lita moja. Wapelelezi wote wawili wameandika ripoti nzuri.

Ijumaa, 7 Machi.
Kumi na tatu. Nesi akauliza nilikunywa nini. Maji ya nyasi, nikasema. Akaandika kitu kirefu.

Pendo alishafika na gari. Sikubishana. Priska alifunga madirisha, kisha akakitoa kikombe msumarini, akakifuta kwa kanga yake. Akasema dada alikuwa analamba kile kijiko cha tatu kabla ya kukirudisha bakulini. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayekumbuka. Nimekipakata kikombe mpaka Makambako.

Jumapili, 9 Machi. Makambako.
Malori yanapiga honi tangu alfajiri. Pendo kanipigilia msumari wa kikombe. Kasema sukari ikishuka Ijumaa, ananirudisha Njombe siku hiyohiyo.

Nimeanza upya, kwa akili. Jirani hapa ni mama mmoja, Bibie, ana duka la vipuri. Yuko kwenye mfungo wa Ramadhani. Hali kitu kutwa! Utumbo usiopata kitu hauna habari ya kupeleka. Nikaomba nifunge naye. Akacheka, akasema karibu baba. Jioni kaniita kwenye futari: uji, tambi za sukari, tende. Tambi nimekataa. Mimi si mjinga. Lakini tende ni tunda. Sijawahi kuona mtende kwenye shamba la miwa.

Bibie kanijazia viganja viwili vya tende kwenye sahani. Upepo ukaingia, nikageuka kufunga mlango. Niliporudi, vilikuwa vitatu.

Sikusema kitu. Nimezimaliza zote. Ijumaa narudi nyumbani.