Saa ya Bomba Haijui Kiswahili

Jumatatu, tarehe 3
Mwanangu kaja na futikamba. Kapima ua wote kimya kimya, kama mtu anayepima kaburi. Kasema ukoka usipochipua kufikia Jumapili, atamwaga zege aegeshe gari. Ukoka aliopanda marehemu mke wangu kwa mikono yake! Ndipo tulipokuwa tukikaa jioni kumsengenya jirani. Siku hizi namsengenya peke yangu. Hakunogi.

Jumanne, tarehe 4
Jirani mwenyewe tunamwita Mhandisi. Alikuwa karani wa stoo, lakini miwani ni miwani. Ukoka wake kijani kama kasuku. Roho inaniuma! Nikajipendekeza kwake. Kaniambia nipange mikebe mitupu chini ya kinyunyizio, maji yakifika pingili moja ya kidole nifunge. Hakusema kidole cha nani. Kwa changu, nusu saa. Tena nimwagilie alfajiri, kabla ya jua. Niamke alfajiri, mimi? Nimenunua saa ya bomba, inafungua na kufunga yenyewe. Nikaiweka kumi na mbili. Nikalala kama tajiri.

Alhamisi, tarehe 6
Nimetoka saa moja asubuhi. Ardhi kavu kama ulimi wangu! Kumbe ukoka huu unakunywa kuliko shemeji yangu. Nikaongeza muda: saa tatu nzima. Kisha nikaenda zangu kucheza dhumna.

Jumamosi, tarehe 8
Asubuhi kukavu. Jioni narudi, matope! Mvua haijanyesha. Nani kama si Mhandisi? Anarusha maji juu ya ukuta aniozeshee mizizi. Ukoka umekuwa njano, unanuka. Sikula.

Jumapili, tarehe 9
Mwanangu kafika na fundi zege karibu na adhuhuri. Mimi nimejibanza ukutani, namvizia Mhandisi nimkamate. Saa sita juu ya alama, chwaa! Fundi kalowa, mwanangu na shati lake jeupe kalowa. Fundi akikamua kofia akanambia, "Mzee wangu, saa hii haijui Kiswahili. Kumi na mbili yake ndiyo saa sita yetu ya mchana." Aking'oa shina, mizizi imeoza. Mwanangu kakunjua futikamba. Marehemu angecheka mpaka akae chini.

Jumanne, tarehe 11
Zege limemwagwa. Kiti changu kinayumba juu yake. Mhandisi kachungulia, hakunitania hata kidogo. Hapo ndipo nikajua nimefiwa mara ya pili.
Fundi kaonya kwamba zege changa lisiponyweshwa alfajiri litapasuka. Mwanangu kauliza nani atakumbuka. Nikasema niachieni mimi, mzoefu. Mikebe nimekwisha ipanga juu ya zege. Saa ya bomba nimeiweka kumi na mbili, ila safari hii nimeibandika karatasi, kwa herufi kubwa: YA ALFAJIRI.
Hainidanganyi tena!