Dakika Yangu Moja Kwenye Filamu

Jumatatu, 3 Juni

Hatimaye! Mjukuu wangu Oarabile, anayeongoza chama cha filamu cha vijana pale maktaba, kaja na habari kabla hata uji haujapoa. Wameipata ile filamu yetu ya farasi na bastola, iliyopigwa hapahapa nje ya Kimberley mwaka 1978. Wataionyesha Siku ya Vijana, ukumbi wa kanisa, watoto bure. Nikaacha kijiko.

Nimo ndani ya filamu hiyo! Naingia juu ya farasi, natema mate, nasema mstari wangu, napigwa risasi, naanguka. Dakika moja hivi, lakini dakika tamu. Mke wangu Keneilwe kasema, "Seabelo, farasi mwenyewe alishikwa na watu wawili." Wivu. Nimeitoa kofia kabatini. Panya wameula ukingo, ila kwa mbali haionekani.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Chama kiliitazama filamu kwanza, wenyewe kwa wenyewe, nami nikiwa kiti cha mbele. Ulipofika mstari wangu nikageuka kuona nyuso zao. Hakuna aliyecheka. Mstari wenyewe ni huu, nao ni mzuri: "Inuka, mla mijusi! Farasi kashakula, wewe unangoja nini?" Namwambia mfuata nyayo wetu, Mgriqua, mtu wa kabila la hukuhuku, aliyechezwa na Barend wa mtaa wa pili, Mgriqua mwenyewe. Zamani watu walicheka mpaka wakamwaga njugu.

Oarabile kasema lugha hiyo ni tusi kwa watu wa akina Mzee Barend, haifai kwa watoto, itabidi ikatwe. Nikamuuliza, ukiukata mstari, mimi nabaki wapi? Akairudisha filamu nyuma, akatazama. Kasema zitabaki buti.

Buti! Tena za kuazima.

Nikawaambia huu ni urithi wa taifa. Kijana mmoja kauliza kama urithi wenyewe ndio hizo buti.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata wazo. Tusi likishaidhinishwa na aliyetukanwa, nani tena atalalamika? Nikanunua maandazi ya moto, huyoo kwa Barend. Kastaafu, siku hizi kazi yake ni njiwa. Nikabisha langoni kama kawaida: "Mijusi! Upo?" Mtaa mzima humwita hivyo tangu filamu ile. Asili ya jina ni mimi, ingawa sipendi kujisifu.

Mkewe katoka, kasema hapa hakuna mtu wa jina hilo. Mwanamke mgumu. Nikasema haya, Barend basi.

Nikamweleza shida yangu. Kala maandazi matatu. Halafu kauliza kama nakumbuka kwamba hata siku ya harusi yake mshereheshaji alimtangaza kuwa ni bwana harusi Mijusi. Nikasema nakumbuka sana, mshereheshaji si nilikuwa mimi! Nikacheka. Yeye hakucheka. Kasema atafikiri. Njaa, nadhani. Ningenunua maandazi zaidi.

Jumatatu, 10 Juni

Mpango wa pili. Kama tatizo ni neno, tubadilishe neno! Nimemshawishi Oarabile anirekodi upya, ili sauti yangu ya leo ibandikwe juu ya ile ya zamani. Mstari mpya: "Inuka, mheshimiwa! Farasi kashakula, nawe karibu mezani." Heshima tupu.

Tulipousikiliza kulikuwa na kasoro ndogo. Kijana wa miaka ishirini na minne anafungua mdomo, inatoka sauti ya mzee mwenye kikohozi. Pia, kwa kuwa mashine ilikuwa bado inarekodi, niliongeza maneno machache kuhusu maisha yangu na miaka yangu ya reli. Oarabile kashika kichwa. "Babu! Umeshapigwa risasi, uko chini, na bado unawashukuru wafanyakazi wenzako!" Nikamjibu wapo watu wagumu kufa. Kafuta yote.

Alhamisi, 13 Juni

Ushindi! Filamu inaonyeshwa nzima, haikatwi hata chembe! Na aliyetaka hivyo ni Barend mwenyewe. Kamfuata Oarabile maktaba, kamwambia wasifute kitu, ila kabla ya filamu apewe nafasi azungumze na watoto. Nilijua tu. Maandazi yale! Oarabile kaongeza kwamba mimi nisizungumze kabisa. Sawa. Hakusema nisisimame.

Kwa hiyo: kiti cha mbele, kofia, skafu nyekundu. Mstari ukifika nasimama, natanua mikono, mke wangu anapiga vigelegele, ukumbi unafuata. Nimemweleza Keneilwe. Kasema yeye atakaa na mke wa Barend, na vigelegele vyake si vya kukodisha.

Jumapili, 16 Juni

Ukumbi ulijaa hadi madirishani, baridi yote hii. Barend alivaa suti. Kasimama mbele, hakuzungusha maneno. Kawaambia watoto kuna neno mtalisikia humo, na kicheko kikija si ajabu, hata yeye alicheka siku ya kwanza. "Lakini ninyi mtaliacha hapa. Mimi nilirudi nalo nyumbani. Nimeitwa nalo kazini, nimeitwa nalo hospitali, nimeitwa nalo siku namzika mama yangu. Nina jina, wajukuu zangu. Naitwa Barend." Kaketi. Nikasikia mtu akipenga kamasi. Nikageuka: Keneilwe. Mimi nilikuwa nanyoosha kofia.

Mstari ukafika. Nikasimama, nikaugeukia ukumbi, mikono juu!

Hakuna kigelegele. Hakuna chochote. Nyuso zote zinanitazama, na mtoto mmoja mdogo kauliza kwa sauti, "Ni huyu babu ndiye aliyemtukana?" Keneilwe, mke wangu wa ndoa, kajibu: ndiye. Kwenye filamu risasi ikalia. Nami, sijui kwa nini, labda mazoea, nikaanguka. Nyuma yangu kulikuwa na ndoo ya kinywaji cha tangawizi, kazi ya akina mama wa kanisa. Nikakaa ndani yake. Nikakwama.

Hapo ndipo walipocheka.

Aliyenichomoa ni Barend. Nikasema, "Asante, Mij..." Ukumbi ukanyamaza tena. Nikasema, "Barend." Mdomoni lilikuwa geni, kama kiatu cha mtu mwingine. Kanishika mkono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Baadaye watoto walipanga foleni kumsalimia, kila mmoja akilitaja jina lake vizuri. Kwangu kaja mmoja tu, kuniletea kitambaa cha kujifutia.

Jumatatu, 17 Juni

Sikukuu bado, maana Siku ya Vijana imeangukia Jumapili. Nimetoka kwenda kununua mkate. Yule binti wa jirani, mwenye pengo, kaniona tu kapaza sauti: "Habari ya asubuhi, Babu Ndoo!" Hadi nafika dukani mtaa mzima ni Ndoo huku, Ndoo kule. Mwenye duka naye: nikupe nini leo, Ndoo? Umri huu! Mtu una jina lako ulilopewa na wazazi, wao wanakuokotea lingine chini! Iliniuma hasa. Mkate nimeusahau kaunta.

Nikaenda kumlalamikia Barend, kwa sababu ni msikilizaji mzuri. Nikamweleza yote. Jinsi linavyouma. Jinsi linavyokutangulia kila uendako. Jinsi wanavyodhani ni utani. Barend kauliza limeanza lini. Nikasema leo asubuhi.

Kaweka chini kopo la mtama. Kacheka mpaka njiwa wakaruka wote. Kacheka mpaka machozi yakamtoka, mkewe katoka kuuliza kama anaumwa. Halafu kasema, "Pole sana, Seabelo," kavuta kiti, kanimiminia chai. Hakunitania hata mara moja. Sijui alichekea nini. Uzee huo.

Lakini njiani narudi, wazo likanijia. Dawa ya jina ni jina. Yule binti atashika adabu akipata la kwake, tena liwe la kuganda. Pengo analo, masikio anayo, na kaptula ni ya kaka yake. Nimeshapata majina matatu, moja zuri ajabu. Kesho nakaa langoni mapema, nimsubiri akienda shule.