Safari ya Gari la Zamu ya Mwanaidi

Leo nimeadhirika. Nawaambia mapema, shoga zangu, kabla hamjasikia kwa wengine, maana dereva wa lori la mkaa aliyenileta ana mdomo, na kesho soko zima la samaki litakuwa na habari zangu. Sogeeni karibu. Na wewe unayetabasamu, subiri kwanza.

Gari la Baba Rajabu mnalijua. Nani hapa Dunda, Bagamoyo, asiyelijua? Jeusi, refu, la tangu kabla ya vita, alilonunua kwa yule mzungu wa mkonge aliyefungasha virago akarudi kwao. Viti vya ngozi, mapazia madirishani. Katikati kuna kioo kinachomtenga dereva na abiria wa nyuma, na ili wasikilizane kuna bomba la mpira lenye mdomo wa shaba: mmoja anasemea huku, mwingine anasikia kule. Mzungu alikuwa akikaa nyuma kama sultani. Mume wangu hana dereva, kwa hiyo yeye ndiye anayekaa mbele, na sultani ni mkewe. Shida ni kwamba wake tuko wawili.

(Najua mnajua. Niacheni nieleze kwa raha zangu.)

Mwanaidi ni bi mdogo. Nyumba moja, ua mmoja, kila mtu na chumba chake. Sina neno baya juu yake, na hilo ndilo linaloniudhi. Ananiita dada, anachota maji bila kutumwa, na ana sauti ndogo, laini, mpaka ukitaka kugombana naye unajisikia mshenzi. Nilimwonea wivu siku aliyoingia na naendelea mpaka leo. Sioni haya kusema.

Basi Baba Rajabu, mtu wa haki mpaka anachosha, alituita juzi juzi akasema gari limepona. Kuna safari mbili, moja sasa na moja baada ya Idi, na kila safari atakwenda na mke mmoja. Mtume alikuwa akipiga kura baina ya wakeze akitaka kusafiri, naye atapiga kura. Tukamwuliza safari zenyewe ni za wapi. Hakusema. Yeye safari haitangazi, anaogopa kijicho. Akafumbata vijiti viwili, kirefu na kifupi. Mwanaidi akavuta kirefu. Safari ya kwanza yake, ya pili yangu.

Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi niliona jambo moja tu: kile kiti cha ngozi atakikalia Mwanaidi kwanza, nami nitakuja kukalia kiti alichokwisha kukipasha moto yeye. Tena kulikuwa na jambo zito zaidi. Nilitaka kujua anamwambia nini wakiwa peke yao. Kwangu mimi Baba Rajabu ni mtu wa maneno ya lazima: chumvi imezidi, mlango ufungwe, kanzu yangu iko wapi. Nilitaka kusikia kama na mwenzangu naye anaulizwa habari za kanzu.

Leo baada ya sala ya alfajiri, Baba Rajabu alikuwa nje ameinamia injini, anainywesha maji. Nikaingia kwa Mwanaidi, nikamwambia safari imesogezwa mpaka baada ya adhuhuri, gari linavuja, alale tu. Akasema ahsante dada. (Ahsante!) Nikachukua buibui lake, nikajipaka mafuta yake ya asumini, nikashusha kitambaa cha uso, nikaingia nyuma ya gari na kujifungia mlango. Kimo chetu ni kimoja. Unene haulingani, lakini ndani ya buibui nani atapima?

Baba Rajabu akaja, akachungulia, akauliza kama niko tayari. Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza kama Mama Rajabu ameamka, ili amuage. Nikauelekezea kidole mlango wangu mwenyewe, nikaweka kiganja shavuni: amelala.

"Kanuna huyo," akasema. "Mwache."

Nikanuna palepale, ndani ya buibui.

Tukaondoka. Jamani, lile gari halina mfano. Watu njiani walikuwa wakisimama pembeni, na mzee mmoja alivua kofia akidhani anapita Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Nilimrudishia salamu kwa mkono, polepole, kama nimezaliwa humo. Tukavuka Ruvu kwa pantoni nikiwa nimekaa, watu wengine wote wamesimama. Nusu saa nzima nilisahau hata kilichonipeleka.

Kisha bomba likapuliza, fuuu, na sauti ya mume wangu ikatoka kwenye ile shaba, karibu kabisa na sikio langu.

"Mwanaidi, umekaa vizuri?"

Sauti ile sijaisikia tangu nilipokuwa mwali. Nikakohoa kikohozi cha kukubali. Ndipo akafunguka. Akauliza kama nimekula. Akauliza kama vumbi linanisumbua, ashushe mwendo. Akanionyesha ndege mtini, akanisimulia mambo ya utotoni mwake ambayo mimi, mama wa watoto wake, sikuwahi kuyasikia. Mwisho akaimba. Nasema akaimba! Miaka yote hii nimelala na mwimbaji na sikujua. Wivu ulinipanda mpaka masikio yakawaka moto, na mwanamke niliyekuwa nikimwonea wivu, kwa saa ile, alikuwa mimi mwenyewe.

Nikajiambia, subiri, tutarudi nyumbani nikuimbie na mimi. Hapo bomba likapuliza tena.

"Sasa nikwambie," akasema. "Leo nakupeleka kwenu Lugoba. Nimewapelekea habari, wanakungoja. Tangu harusi hujamwona mama yako."

Lakini hakuwa amemaliza.

"Na safari ya pili nampeleka Mama Rajabu kwao Tanga, kwa mama yake. Ashuke mlangoni kwao kwa gari hili, wamwone. Usimwambie. Nataka ajue tukiwa tumeshafika."

Nililia, shoga zangu. Nalisema wazi. Mama yangu sijamwona tangu Rajabu alipokuwa akitambaa. Kila nikipika boga, chakula chake, hunijia nikamtaja, na nilidhani hayo nayasema peke yangu jikoni, kumbe kuna mtu alikuwa akisikia. Nimepewa zawadi kubwa kuliko zote za maisha yangu, na nimeipokea nikiwa nimevaa buibui la mke mwenzangu.

Nikaanza kutafuta njia ya kutoka. Kiwangwa maji ya injini yalichemka, tukasimama, yeye akaenda mbele na debe. Nikajisemea hapa hapa, naruka, naingia porini, nitajua mbele ya safari. Nikashika kitasa. Kikazunguka bure. Ule mlango, kumbe, kwa ndani umeharibika siku nyingi, unafunguliwa kwa nje tu, na mzungu hakuwahi kuona tabu kwa kuwa hakuwahi kujifungulia mlango. Nikakaa kama kuku ndani ya tenga.

Tulipoondoka nikajaribu la mwisho. Nikasema kwenye bomba, kwa sauti ndogo kama ile ya Mwanaidi: "Naumwa. Turudi."

Gari likasimama hapo hapo. Akaja mbio dirishani na maji kwenye bilauri. Akanipepea kwa kofia yake. Pole mama, pole sana, tumbo au kichwa? (Mimi nikiumwa huniambia mwarobaini uko nyuma ya nyumba.) Akasema Lugoba sasa ni karibu kuliko Bagamoyo, mama yangu (yaani wa Mwanaidi) atanipikia uji, nivumilie. Akarudi mbele, akaendesha taratibu kama amebeba mayai. Kwa kweli nilitamani kuumwa kweli.

Lugoba walitusikia kabla hawajatuona, maana kile kimlima cha mwisho gari lilikipanda kwa kunguruma. Tulipotokea vigelegele vikaanza. Wametandika kanga kutoka barabarani mpaka mlangoni, kanga mpya zenye harufu ya dukani, ili binti yao akanyage. Baba Rajabu angeweza kuniokoa, angeshuka, angenifungulia, tungesemezana. Lakini mama yake Mwanaidi alikuwa ametangulia mbele ya wote, na mkwe hasimami uso kwa uso na mkwewe. Alipomwona tu akazunguka nyuma ya gari, akageuka, akatazama mihogo.

Basi wanawake wakafungua mlango. Nikashikilia kiti. Wakadhani nina haya, wakazidi kufurahi, wakanivuta. Nikatembea juu ya kanga za watu. Mmoja akasema nimenenepa. Mwingine akasema labda kuna habari njema, tumbo hilo, na vigelegele vikawa maradufu.

Ndani wakanikalisha mkekani. Mama yake akanikumbatia, akalia begani kwangu. Alikuwa na harufu ya moshi na karafuu. Nikakaa ndani ya kukumbatiwa kusikokuwa kwangu. Ndipo akaja bibi yake, kikongwe mchangamfu, anayemtania mjukuu wake kama mabibi wote wanavyotania.

"Njoo, mke mwenzangu," akasema. "Nikuone sura, uliyeniibia mume."

Akainua kitambaa.

Kigelegele kimoja kilikatika katikati. Bibi akanitazama, akanisogelea, akanitazama tena.

"Huyu simjui."

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ni mke mwenziwe Mwanaidi."

"Na mke mwenzangu yuko wapi?"

"Bagamoyo. Amelala."

Bibi alicheka mpaka akashika nguzo. Wengine wakacheka kwa kuwa bibi amecheka. Mama hakucheka. Aliiondoa mikono yake mwilini mwangu taratibu, akauliza kama mwanawe ni mzima. Nikamwambia ni mzima. Akatoka nje, akaanza kuziokota zile kanga, anakung'uta nyayo zangu, moja baada ya nyingine. Angenipiga, ingeniuma kidogo kuliko hivyo.

Mtu akaenda kumwambia Baba Rajabu. Nikaitwa uani. Mama mkwe bado alikuwa pale na kanga zake, kwa hiyo mume wangu hakuweza kugeuka. Nilihukumiwa na kisogo.

"Mama Rajabu," akaiambia mihogo.

"Bee."

"Kura ni kura. Umeshasafiri."

"Na safari ya Tanga?" Ulimi huo, shoga zangu. Hapo hapo akajua kwamba bomba lote nimelisikia.

Akajikuna kisogo.

"Tanga ina mwenyewe. Wewe umefika kwa kina Mwanaidi, na Mwanaidi atafika kwenu. Haki sawa."

Alisema kwa ile sauti yangu ninayoijua. Ya chumvi, na mlango, na kanzu.

Yeye amebaki kuomba radhi na kula mbuzi aliyechinjwa. Mimi nikatafutiwa lori. Asubuhi nilivuka Ruvu kwenye kiti cha ngozi, jioni nimevuka nimekaa juu ya magunia ya mkaa, na yule mzee wa kofia alikuwa palepale njiani. Hakuivua.

Nyumbani nimemkuta Mwanaidi barazani, amevaa gauni lake la Idi, amesuka nywele upya, anangoja gari. Amengoja tangu adhuhuri. Kutoka kwenda kuuliza alishindwa, maana buibui lake nilikuwa nimelivaa mimi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama hajambo?" akauliza.

"Hajambo."

"Alilia?"

"Alilia. Alinikumbatia vizuri sana."

Akaguna kidogo. Akanivua lile buibui mabegani, akalikung'uta mkaa, akaniambia kuna maji ya moto, nikaoge. Sikilizeni vizuri: maji ya moto! Angenitukana ningepona.

Sasa baada ya Idi atakwenda Tanga. Mama yangu macho hayaoni vizuri siku hizi, nasikia anaona kivuli tu. Atasikia gari, atatoka, atatandika kanga zake zote. Atamkumbatia Mwanaidi na kulia. Mwanaidi atamwamkia kwa ile sauti yake ndogo, atachota maji bila kutumwa, na mama atawaambia majirani kwamba hatimaye binti yake amepata adabu.